Chupa Inarudi Imejaa

Rafiki yangu hatoki bila chupa ya maji, na kila tukirudi chupa huwa imejaa vilevile. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuliona hilo, na nilipoliona nilidhani ni usahaulifu. Mpaka siku moja, tumepanga foleni tangu alfajiri, jua limeshapanda, midomo yake imekauka mpaka inapasuka, nikamwambia, "Si unywe hayo maji? Unayabeba ya nini?" Akanitazama kidogo, kama mtu anayepima kama anijibu au aniache nilivyo. Kisha akasema, "Nikinywa nitabanwa. Nikibanwa niingie mlango upi?"

Yeye ni mwanamke transjenda. Alipozaliwa aliandikwa mvulana, akapewa jina la kiume, akalelewa hivyo, na ndani yake akajua mapema kwamba maandishi yale yalikosea. Leo anaishi kama mwanamke. Ana sauti nzito kidogo, mabega mapana, na mwendo wa taratibu wa mtu anayeichunguza njia kabla ya kuikanyaga. Vyoo vya umma vina milango miwili. Akiingia wa wanaume anaweza kupigwa. Akiingia wa wanawake anaweza kupigiwa kelele. Basi anajizuia, na ili asije akabanwa, hanywi.

Nimefuatilia mijadala mingi kuhusu watu kama yeye, ya bungeni, ya mahakamani, ya viwanja vya michezo. Katika mijadala hiyo yote sikuwahi kusikia habari ya kiu. Baadaye nikakutana na uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2015, ambao ulijibiwa na watu transjenda 27,715. Asilimia 59 walisema katika mwaka uliotangulia waliwahi kukwepa vyoo vya umma kwa kuogopa yatakayowakuta humo. Asilimia 32 walijinyima kula au kunywa ili wasihitaji choo. Asilimia 8 walipata maambukizi ya njia ya mkojo, au maradhi mengine ya figo, kwa sababu hiyohiyo. Nilipomsomea rafiki yangu takwimu hizo hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama waliulizwa pia kuhusu safari za mbali.

Tangu hapo, mtu akiniuliza jamii inawaonaje watu transjenda, siendi kwanza kwenye kura za maoni. Naenda kwenye ile chupa.

Foleni ile ilikuwa ya kliniki. Watu walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini, kama kawaida ya pahala pa kusubiri, karani akawa anaita majina kutoka dirishani. Likaitwa jina la kiume, majina yote matatu, la kwanza halina shaka kabisa. Rafiki yangu akainuka na gauni lake la buluu, mkoba begani, akaenda. Minong'ono ikapungua. Karani akatazama nyuma yake kumtafuta mwenye jina.

"Nimemwita mwenye kadi. Wewe ni nani wake?"

"Ndiye mimi."

"Wewe?"

Karani hakutukana, wala hakupandisha sauti. Aliigeuza kadi, akatazama upande wa nyuma ambako hapakuwa na kitu, akaigeuza tena. Akamwita mwenzake. Sasa zikawa nyuso mbili kwenye dirisha moja, na nyuma yetu ukumbi mzima umeshajua kuna jambo. Mtoto mmoja wa miaka mitano hivi akauliza kwa sauti, "Mama, yule ni kaka au ni dada?" Mama yake akamvuta mkono kwa nguvu mpaka akalia. Nilimhurumia yule mtoto. Alitaka kujua tu, na angejibiwa angerudi kwenye mchezo wake. Alichojifunza siku ile ni kwamba hapo mbele pana mtu ambaye hata kumuulizia ni kosa.

Rafiki yangu alikuwa ameshika risiti. Wakati wale wawili wanashauriana aliikunja katikati, akaikunja tena, na tena, mpaka ikawa ndogo kama punje ya mahindi, akaifumbata. Alipokuja kuihitaji ilibidi aikunjue mbele yao, polepole, na mikono yake haikutulia.

Mimi nilikuwa nimekaa viti vitatu nyuma. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba nikienda nitaongeza macho, na kwamba yeye ameshazoea. Nimeirudia sababu hiyo mara nyingi kichwani na kila mara naiona ilivyo nyepesi. Watu wote mle ukumbini, mimi nikiwamo, tulifanya kitu kimoja: tulitazama.

Wapo wanaosema macho hayana pazia, mtu akipita atatazamwa, basi. Ni kweli hayana. Ila kuna kutazama na kuna kukodolea, na anayekodolewa huijua tofauti hiyo kwenye ngozi yake kabla hajaijua kwa akili.

Kiswahili kina neema moja ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona kuwa neema. Amefika. Amekaa. Ameitwa. Anasubiri. Katika maneno hayo yote hakuna anayeweza kusema ni mwanamume au mwanamke. Yeye ni yeye. Ziko lugha ambazo watu wamegombana ndani yake miaka na miaka juu ya kiwakilishi gani kimfae nani, na sisi ugomvi huo haukutufikia kwa sababu hatuna cha kugombania. Hata ngeli yetu inamweka mtu katika utu wake, m- na wa-, ikaishia hapo.

Tatizo huanza tunapotaka kumwita mtu. Hapo lugha inakudai jibu papo kwa papo: kaka, dada, bwana, bibi, anko, anti. Rafiki yangu aliwahi kunisimulia kisa cha dereva aliyemwambia kwa upole, "Dada, sogea kidogo mwenzio apite." Akasogea, akasema asante. Dereva aliposikia sauti ile akageuka, akasema, "Ohoo, kumbe kaka," na nyuma watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyemgusa wala kumtishia. Lakini tangu siku hiyo akiwa safarini hasemi. Anaonyesha kwa kidole anakoshuka, anatikisa kichwa, anatabasamu. Jirani mmoja alikuja kuniambia kwamba rafiki yangu ana majivuno, haitikii salamu. Nilimweleza sababu. Jirani akakaa kimya, halafu akasema hakuwa amefikiria hilo, na sura yake ilionyesha kwamba kweli hakuwa amefikiria.

Kuna na maneno mengine, yale ya kurusha. Shoga lilikuwa neno la mapenzi, wanawake wakiitana wenyewe kwa wenyewe, na bado liko hivyo kwa wengi. Likashikwa likafanywa jiwe la kumpigia mwanamume, na mwanamke transjenda hurushiwa hilohilo. Wengine humwita huntha wakidhani wanatumia neno la kistaarabu. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayaangukii wazi upande wa kike wala wa kiume, na hiyo ni habari ya mwili. Kenya iliwahesabu watu hao katika sensa ya 2019 na kupata 1,524. Transjenda ni habari ya mtu anavyojijua. Mtu anaweza kuwa kimoja na asiwe kingine. Tunawachanganya kwa sababu hatujawahi kukaa tukasikiliza yeyote kati yao.

Nami sikusikiliza tangu mwanzo. Mara ya pili tu tulipoonana, mbele ya watu wengine wawili, nilimuuliza kama ameshafanyiwa upasuaji. Niliuliza kwa wema, kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. Alininyamazia mpaka wale wawili walipoondoka. Ndipo akasema, "Wewe ukikutana na mtu leo akakuuliza nguoni mwako mna nini, utamjibu?" Nilitaka kusema kwamba mambo hayo ni tofauti, sentensi ikanifia mdomoni. Nikaongeza kosa juu ya kosa kwa kumuuliza jina lake la zamani lilikuwa lipi, na hilo alikataa kunitajia. Nilikuja kulijua dirishani, siku ile ya kliniki, pamoja na watu wote wa foleni.

Kadi ile ndiyo kiini cha mambo mengi. Zamani serikali zilishughulika na nguo zenyewe. Jiji la San Francisco lilipitisha sheria mwaka 1863 iliyomkataza mtu kuonekana hadharani na vazi lisilo la jinsi yake, na sheria hiyo ilidumu mpaka 1974. Paris iliweka amri mwaka 1800 kwamba mwanamke anayetaka kuvaa suruali aombe kibali polisi. Amri hiyo ilisahauliwa bila kufutwa, na serikali ya Ufaransa ilikuja kutangaza kwamba haina nguvu tena Januari 2013. Fikiria ni wanawake wangapi waliovaa suruali Paris katika karne mbili hizo. Vazi la kuudhi la jana limekuwa vazi la kazi la leo, na aliyekuwa akikasirika hata hakumbuki alikasirikia nini.

Berlin ya mwanzo wa karne ya 20 ilifanya jambo la kipekee. Polisi walikuwa wakitoa hati maalumu kwa watu waliovaa mavazi ya upande mwingine, ili wasikamatwe njiani. Daktari Magnus Hirschfeld, ambaye maoni yake ya kitabibu ndiyo yaliyosaidia hati hizo kutolewa, alifungua taasisi yake ya kuchunguza mambo ya jinsia mjini humo mwaka 1919. Tarehe 6 Mei 1933 vijana waliokuwa upande wa Wanazi waliivamia na kuipora, na siku nne baadaye vitabu vyake vikatupwa motoni hadharani. Watu husema haya ni mambo mapya, yameletwa na intaneti. Maktaba iliyochomwa 1933 ilikuwa imejaa habari zao.

Siku hizi mapambano yamehamia kwenye karatasi. Argentina ilipitisha sheria mwaka 2012 inayomruhusu mtu kubadilisha jina na jinsia katika hati zake bila kupitia kwa jaji wala kwa daktari. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2014 iliwatambua watu transjenda, wakiwamo wale waitwao hijra, wengi wao walioandikwa wavulana walipozaliwa lakini hawajihesabu kuwa wanaume, ambao wamekuwa na nafasi yao katika jamii za huko tangu karne nyingi. Mwaka huohuo wa 2014 Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alishinda kesi katika Mahakama Kuu ya Kenya, na baraza la mitihani likaamriwa kumpa cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Botswana nayo, mwaka 2017, mahakama iliamuru mwanamume transjenda abadilishiwe kitambulisho. Upande mwingine, Hungary ilifunga mlango huo mwaka 2020.

Nilikuwa nikizisoma kesi hizi kama habari za wanasheria. Sasa nikizisoma naiona ile risiti iliyokunjwa. Kadi yenye jina lake ingekuwa mkononi mwa karani asubuhi ile, angeitwa, angeinuka, angeingia, na mtoto wa miaka mitano asingelia.

Lazima nieleze habari ya binamu yangu, kwa sababu watu wanaonisikia nikizungumza juu ya rafiki yangu hudhani nazungumzia kitu kilekile anachofanya binamu. Binamu yangu ni msanii wa dragi. Ni mwanamume, anajijua kuwa mwanamume, na hajawahi kutaka kuwa kingine. Usiku fulanifulani anapanda jukwaani akiwa mwanamke wa kubuni, mkubwa kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kumuona: wigi la kufika kiunoni, wanja mpaka kwenye pembe za macho, viatu vya mchuchumio ambavyo mimi nisingeweza kusimama navyo. Ni sanaa, na ni kazi ngumu.

Niliwahi kumsindikiza na kukaa naye chumba cha kuvalia. Ilichukua saa tatu. Alianza na nyusi: alizipaka gundi ya kijiti, ileile ya watoto wa shule, akazilaza, akangoja ikauke, akapaka tena, mpaka zikazama kabisa chini ya poda. Juu yake akachora nyusi nyingine. Kiunoni alipanga vipande vya sponji alivyovikata mwenyewe, akavibana kwa soksi ndefu nne, moja juu ya nyingine. Muda wote huo alikuwa akiimba chini chini, ana furaha. Alipotokea jukwaani ukumbi ulisimama. Wanaume walipiga meza kwa viganja. Walimtuza, walimwita malkia, mmoja alipiga goti.

Baada ya onyesho alijifuta kwa mafuta. Pale ndipo niliona kitu ambacho sijakisahau. Kulikuwa na chembe za kumetameta zimebaki shingoni, akazisugua, hazikutoka, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikamwambia aziache, atakoga nyumbani. Akasema, "Kutoka huo mlango mpaka kwenye gari ni hatua arobaini. Nimezihesabu." Akavaa fulana, suruali pana, kofia. Akapapasa masikio kuhakikisha hakuna hereni. Tulipotoka, baadhi ya wale waliokuwa wakipiga meza walikuwa wamesimama nje wanavuta sigara. Hawakumtambua. Alipita katikati yao akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nikamtambua mmoja wao: ni mtu wa mtaani kwetu, aliyewahi kunionya nisimlete tena rafiki yangu karibu na nyumba yake.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Mtu mmoja, gauni lilelile, jukwaani analitupia pesa na kwenye kizingiti analitupia matusi. Nadhani siri iko kwenye kuvua. Binamu yangu atavua, na watazamaji wanajua atavua, kwa hiyo wanastarehe. Mpaka unavukwa kwa mchezo na mwishoni kila kitu kinarudi mahali pake. Rafiki yangu hana cha kuvua. Gauni lake la buluu ni gauni la kwendea kliniki. Anarudi nalo nyumbani, analifua, analianika, kesho anavaa jingine, na hilo ndilo linalowashinda watu.

Mchezo wenyewe ni wa kale mno. Uingereza majukwaa ya biashara yalikuwa ya wanaume na wavulana watupu mpaka 1660, kwa hiyo wapenzi wa kike wote katika tamthilia za Shakespeare walichezwa kwanza na wavulana. Japani ilipiga marufuku wanawake kucheza kabuki, maigizo yao ya jadi ya kuimba na kucheza, mwaka 1629, na wanaume waliochukua nafasi zao wakaifanya kazi hiyo kuwa fani inayorithishwa mpaka leo. China ilimtukuza Mei Lanfang, mwigizaji mwanamume aliyeishi 1894 hadi 1961, kwa namna alivyoigiza wanawake. Na alikuwako William Dorsey Swann, aliyezaliwa katika utumwa Maryland, akaja kuandaa dansi za wanaume waliovaa kike mjini Washington. Polisi walimvamia mwaka 1888. Mwaka 1896, akiwa kifungoni, alimwandikia Rais Grover Cleveland kuomba msamaha, akakataliwa. Huyo simsahau, kwa sababu alikuwa ameshatoka katika utumwa na bado akalazimika kupigania haki ya kucheza dansi chumbani mwa rafiki zake.

Mwaka 2023 jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kubana maonyesho ya watu wanaoigiza jinsi nyingine pale ambapo watoto wanaweza kuyaona. Jaji wa shirikisho akaizuia mwezi Juni kwa kuona inavunja uhuru wa kujieleza. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikatengua uamuzi huo, ikisema waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua. Wakati wanasheria wanabishana, walinzi wa kumbi walikuwa wanahesabu milango ya dharura, maana usiku wa tarehe 19 Novemba 2022 mtu mwenye bunduki aliingia Club Q, klabu ya usiku ya wapenzi wa jinsia moja na watu transjenda mjini Colorado Springs, akaua watu watano. Siku ya pili yake, tarehe 20, ndiyo siku ambayo tangu 1999 watu transjenda huwakumbuka wenzao waliouawa. Binamu yangu alisikiliza habari ile akiwa amesimama, akazima redio, na jioni akaenda kazini.

Nawajua watu wanaokataa, na wengi wao ni watu wangu. Siwaiti wabaya. Kuna anayesema dini imekwisha sema. Mimi si mwanazuoni, ila najua kwamba katika miaka ya 1980 Ayatollah Khomeini wa Iran alimpa Maryam Khatoon Molkara, mwanamke transjenda, fatwa ya kumruhusu afanyiwe upasuaji, katika nchi inayoadhibu vikali mambo mengine mengi. Kwa hiyo hata wenye elimu ya dini hawajawa na kauli moja. Kuna anayesema ni ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali hiyo katika orodha ya magonjwa ya akili kwa uamuzi wa mwaka 2019, ulioanza kutumika Januari 2022. Kuna anayeuliza habari za mashindano ya riadha, na hilo kwangu ni swali halali, lenye hesabu za miili na haki za wanawake wanaoshindana, na nawaachia wanaolijua. Lakini rafiki yangu hayuko kwenye mashindano. Yuko kwenye foleni, ana kiu.

Na hata waliopaswa kumsitiri mtu wa aina yake hawakumsitiri siku zote. Sylvia Rivera, mmoja wa waliopigania haki hizi New York tangu siku za ghasia za mwaka 1969, polisi walipovamia baa ya Stonewall na watu wakakataa kunyamaza, alipanda jukwaani mwaka 1973 katika mkutano wa wenzake wanaopenda watu wa jinsia yao, na umati ukamzomea.

Kilichobadilisha namna yangu ya kuzungumza na watu ni utafiti wa David Broockman na Joshua Kalla, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba Miami wakazungumza na wapiga kura dakika 10 hivi kila mmoja. Hawakuhutubia. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke wakati ambapo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti, wakamwacha aeleze, ndipo wakarudi kwenye habari ya watu transjenda. Miezi mitatu baadaye chuki ilikuwa bado imepungua, na haikujali kama aliyebisha hodi alikuwa transjenda mwenyewe au hakuwa.

Nilimfikiria mama mkubwa. Yeye hakujaliwa mtoto. Amenilea mimi, ananiita mwanawe, ila najua aliyoyapitia. Siku moja nilimuuliza ni lini watu walimtazama mpaka akatamani ardhi ipasuke. Sikutaja jina la mtu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na mkono ukasimama. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kwenye hafla, mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake mchanga kwa kanga alipomwona yeye anasogea. Hakusema kitu, alifunika tu. "Nilikuwa nimekwenda kumpongeza," alisema. Akaendelea kuchambua. Baada ya muda mrefu akauliza, "Huyo mwenzio anayevaa magauni, nao wanamfunikia watoto?"

Nikamweleza ya kliniki.

Hajabadilika kuwa mtu mwingine. Bado anasema Mungu hakosei, na bado anamwombea rafiki yangu mambo ambayo rafiki yangu mwenyewe hayaombi. Wageni wakija hajui amtambulishe vipi. Lakini mara ya kwanza nilipompeleka, rafiki yangu alisimama mlangoni, sauti yake nzito ikiwa chini kabisa, akasema, "Shikamoo mama." Mama mkubwa akamtazama tangu kichwani hadi miguuni. "Marahaba," akasema, akasita, na mimi nilikuwa nangoja neno litakalofuata kama mtu anayengoja hukumu, maana kaka lingekuwa kofi na dada sikulitegemea. "Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Tulikaa mchana kutwa. Alimpa maji, na rafiki yangu akayashika, akayanywa yote, akapewa mengine akanywa. Jioni aliinama akaniuliza kitu sikioni, na mama mkubwa, bila kuinua macho kwenye kazi yake, akasema, "Choo kiko huko nyuma, mlango wa pili. Komeo lake gumu, ulinyanyue kidogo ndipo lifunge."